Kifua cha Binti Yangu na Hewa ya Houston

Binti yetu wa kwanza alibanwa kifua kwa mara ya kwanza akiwa na miaka minne, mchana wa Jumapili moja ya kiangazi, kwenye bustani ya Missouri City, mji wa jirani na Houston. Zama hizo, mwishoni mwa miaka ya tisini, familia za Waswahili wa Houston zilikuwa zikikutana pale kila zilipopata nafasi. Tulikuwapo sisi Wazanzibari, watu wa Mombasa, wa Tanzania bara, hata Wakongo wawili watatu. Kila mtu na chungu chake, kila mtu na Kiswahili chake. Wanaume wanachoma mishikaki, wanawake tumekaa mikekani tunapakua pilau, na watoto wanakimbizana kana kwamba jua la Texas la mwezi wa Agosti si kitu.

Mwanangu akaja taratibu, akakaa mapajani mwangu. Hilo peke yake lilinishtua, maana hakuwa mtoto wa kukaa. Nikamuuliza ana nini. Akanijibu kwa Kiingereza, kama ilivyo kawaida ya watoto wa kule, kwamba amechoka. Lakini maneno yalitoka vipandevipande, na baina ya neno na neno alikuwa anatafuta pumzi. Nikamwekea kiganja mgongoni, nikasikia kifua kinamkorota. Nilipompandisha fulana niliona ngozi ya baina ya mbavu inaingia ndani kila anapovuta hewa.

Miongoni mwetu alikuwapo dada mmoja wa Dar es Salaam, muuguzi wa watoto. Nilimwita. Akapiga magoti, akamtazama mwanangu kwa muda bila kumgusa, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Dada, acha sahani. Twende hospitali sasa hivi."

"Ana nini?"

"Amebanwa. Usimlaze, mshike hivyo hivyo amekaa."

Mume wangu aliiacha mishikaki motoni. Aliendesha gari, na mimi nyuma nilikuwa nikimhesabia mtoto pumzi kwa Kiswahili, moja, mbili, tatu, ili apate kitu cha kusikiliza. Hospitalini walimvisha barakoa iliyokuwa ikitoa dawa kwa mvuke. Nilikaa naye nikiitazama midomo yake mpaka rangi ikarudi. Alipopata nguvu ya kuongea, kitu cha kwanza alichouliza ni kama tumemwekea mishikaki yake. Hapo mume wangu akatoka nje, akarudi macho mekundu.

Daktari aliyetuhudumia alikuwa mama wa makamo, mtu wa maneno machache. Alisema ni pumu. Akaeleza kwamba njia za hewa za mtoto ni nyembamba, na zikichokozwa hukaza na kuvimba, na kwamba kila kifua kina vyake vinavyokichokoza. Kazi yetu ni kuvijua vya huyu. Akauliza tunaishi wapi, kuna moshi gani nyumbani, baba anafanya kazi gani.

Tukamwambia. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, akitoa makontena bandarini, kwa hiyo tulipanga fleti upande wa mashariki wa mji, karibu na kazi. Kutoka dirishani kwetu ulionekana msitu wa mabomba ya viwanda vya kusafishia mafuta, na juu ya mengine kulikuwa na moto unaowaka mchana na usiku. Siku nyingine hewa ilinuka kama mayai yaliyooza, siku nyingine kama rangi ya kucha. Majirani walishazoea, nasi pia tulikuwa tumeanza kuzoea.

Daktari alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatuambia jambo ambalo sikuwa nikilijua. Alisema harufu siyo yote. Moshi wa magari na viwanda ukipikwa na jua kali siku isiyo na upepo hugeuka kitu kingine, ozoni, ambacho hakionekani lakini kinachoma mapafu, na hushika zaidi alasiri. "Leo ni siku ya namna hiyo," alisema. "Redioni walitangaza."

Sikulia. Kabla ya kuhamia Marekani nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Unguja, na tabia yangu ni kwamba nikipewa jambo la kujifunza, hofu hupungua. Nilitoka pale na dawa ya kupuliza, na maelekezo ya namna ya kuitumia, na hamu ya kumjua adui mmoja mmoja.

Adui wa kwanza aliingia nyumbani kwetu ndani ya sanduku la mama mkwe wangu.

Alikuja kutoka Unguja miezi michache baadaye, kwa ajili ya kunitunza nikijifungua mtoto wa pili. Alileta kila kitu ambacho aliamini Marekani haina: mafuta ya nazi, mdalasini, kanga mpya, na chetezo chake cha udongo na udi wa kutosha arubaini yote. Mtoto alipozaliwa nyumba yetu ikarudi kuwa ya Kiswahili. Asubuhi na jioni alinifukiza mimi, akafukiza nguo za mtoto, akafukiza mapazia. Kengele ya moshi ilipolia aliipandia kiti akaing'oa. Mimi, nakiri, nililala kwa raha siku zile, maana harufu ile ilikuwa ya mama yangu na ya bibi yangu.

Lakini mkubwa alianza kukohoa. Siku ya tatu nilimpa dawa mara nyingi kuliko siku yoyote tangu ile Jumapili. Nikajua kwamba neno limefika, na kwamba wa kulisema ni mimi. Mume wangu asingethubutu kumwambia mama yake.

Nilimngoja amalize sala ya adhuhuri. "Mama," nikamwambia, "nina neno, nakuomba usilichukue vibaya."

"Sema, mwanangu."

"Moshi wa udi unambana mjukuu wako."

Aliendelea kukunja msala. "Udi? Mie nimekulia katika udi. Baba yake kakulia katika udi. Nani kadhurika?"

"Hakuna. Lakini kifua cha huyu si kama chetu."

"Hayo kakwambia daktari wa kizungu."

"Kaniambia daktari, na mimi nimeona. Na wewe mama, sitaki uniamini mimi. Njoo usikie mwenyewe."

Nikamwita binti yangu. Akasimama mbele ya bibi yake, na yule mama akavuta ukaya wake nyuma ya sikio, akainama, akaliweka sikio mgongoni mwa mtoto. Alisikiliza muda mrefu. Nilimwona akibadilisha upande, sikio la pili, kama mtu anayetaka kuhakikisha. Mtoto akacheka kwa kutekenyeka, na kicheko kikaishia kwenye kikohozi.

Mama mkwe aliinuka akaenda jikoni. Alimwaga makaa kwenye sinki, akafungulia maji, akakisugua chetezo mpaka kikawa kisafi, akakifunga ndani ya kanga na kukirudisha sandukuni. "Ntafukiza kwetu," alisema. Hakulitaja tena.

Kuanzia siku hiyo hakuna mlinzi aliyekuwa mkali kuliko yeye. Wageni waliokuja kumwona mtoto mchanga walinuswa mlangoni. Mzee mmoja mwenye heshima zake, aliyekuja kutoka mji wa Katy na kanzu iliyojaa udi, aliambiwa kwa adabu kubwa akae barazani, na mtoto akaletwa aonyeshwe kwa kioo cha mlango. Nilitaka ardhi inimeze, lakini yule mzee aliondoka akimsifu kwamba huyu ndiye bibi.

Na kwa kuwa yeye alikuwa ameshatoa chake, aliona ana haki ya kuuliza cha wengine. Asubuhi moja tulikuwa tunakunywa chai. Nje, mume wangu alikuwa amewasha lori lake, kama kila siku, likinguruma chini ya dirisha la chumba cha watoto huku kiyoyozi kikipoza kibanda cha dereva. Mama mkwe akakiweka kikombe chini.

"Udi wangu mmeuzima," alisema. "Na ule moshi wa mwanangu, ni uturi?"

Nilikwenda dirishani nikalitazama lori. Nilikuwa nimemuuliza daktari habari za viwanda, za jua, za vumbi la zulia, lakini lori lile lilikuwa ndilo mkate wetu, na jicho hulipita jambo la namna hiyo.

Jioni nilimweleza mume wangu. Alikuwa anavua viatu. Aliacha kiatu kimoja mguuni, akakaa vivyo hivyo.

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayemuumiza?"

"Si wewe. Ni moshi."

"Moshi wangu." Akatazama chini. "Wazee walisema, mchuma janga hula na wa kwao."

"Wewe hukuchuma janga, ulichuma riziki," nikamwambia. "Na leo tumejua. Tufanye nini?"

Mume wangu si mtu wa maneno, ila akishaamua hageuki. Wiki ileile alipata ruhusa ya kuliacha lori kwenye uwanja wa makontena, akawa anaamka mapema zaidi na kwenda kazini kwa gari dogo pamoja na dereva mwenzake. Akirudi alivua nguo za kazi mlangoni kabla ya kumbeba mtoto. Kwanza binti yetu alisikitika, kwa sababu alipenda kupandishwa kwenye usukani na kupiga honi. Lakini kikohozi cha alfajiri kilikoma. Kilikoma kabisa, na sisi watu wazima watatu tulikuwa tukitazamana mezani kama watu walioshinda kesi.

Ushindi ule ulidumu mpaka alipoanza shule.

Aliingia darasa la awali akiwa na miaka mitano. Asubuhi alikuwa anatoka nyumbani mzima, anarudi alasiri anakorota. Nilidhani ni mafua ya watoto wenzake, nikangoja. Nilipoona linajirudia siku zenye jua kali tu, nilimbeba mdogo, mimi na mama mkwe tukaenda shuleni kabla ya kengele ya kutoka, tusimame tuone.

Tuliona. Mabasi ya shule, yale ya manjano, yalikuwa yamepanga foleni ukutani, injini zote zinawaka. Mabomba ya moshi yalikuwa nyuma, chini, yanatazama ukuta. Na baina ya mabasi na ukuta ndipo walipopangwa watoto wadogo, wameshikana mikono, wanangoja. Hawa ndio waliokuwa wametoka kucheza uwanjani, saa zilezile alizonionya daktari.

Nilikwenda ofisini siku hiyohiyo. Mwalimu mkuu alikuwa mwanamke mrefu, nadhifu, wa heshima. Alinisikiliza, akasema pole kwa mwanangu, akasema wangeweza kumpa ruhusa ya kubaki ndani. Nikamwambia sikuja kuomba mwanangu afungiwe ndani peke yake.

"Lakini tumewatoa watoto namna hii miaka yote," alisema.

"Nafahamu. Mimi pia ni mwalimu," nikamjibu. "Nina ombi moja dogo. Kesho, wakati wa kutoka, uje usimame nami pale."

Sijui kama alikubali kwa kuamini au kwa kutaka niondoke. Ila alikuja, na viatu vyake virefu, akasimama nami nyuma ya basi la kwanza, akatazama huku na huku. Akasema kwamba ndiyo, kuna harufu kidogo.

"Sasa chuchumaa," nikamwambia.

Alinitazama kuona kama ninamdhihaki.

"Uwe kimo cha mwanangu. Tafadhali."

Mama mkwe hakuwa na Kiingereza, lakini alikuwa ameelewa kinachotakiwa. Akanyanyua buibui lake kidogo, akachuchumaa kwanza yeye, bila taabu, kama wanavyochuchumaa wanawake waliopika maisha yao yote kwenye jiko la chini. Akampigapiga mwalimu mkuu kwenye goti, akimwashiria nafasi ya pembeni yake. Yule mama mrefu akajishusha. Tukawa watatu tumechuchumaa mbele ya watoto, na watoto wakadhani ni mchezo.

Basi la mbele likasogea. Moshi ukatupiga usoni, moto na mchungu. Nilikuwa nimejiandaa, mwenzangu hakuwa. Akakohoa, akaweka mkono mdomoni, machozi yakamtoka. Hakuinuka mara moja. Aligeuza kichwa akawatazama watoto waliokuwa ukutani, mmoja baada ya mwingine, mpaka mwisho wa mstari.

"Huku chini ni kitu kingine kabisa," alisema.

"Ndiyo. Sisi pua zetu ziko juu."

Aliitisha kikao cha wazazi. Mume wangu alibadilishana zamu ili aje, akakaa nyuma kabisa, mikono kifuani. Sikuwa peke yangu mgeni pale. Walikuwapo Wamexico wengi, Wavietnamu, na wenyeji weusi na weupe ambao baba zao na babu zao walifanya kazi kwenye viwanda vile. Mwalimu mkuu alieleza anachopendekeza: mabasi yazime injini yanapongoja, watoto wangoje ndani ya ukumbi, na siku ambazo redio imetangaza hewa mbaya, mchezo uwe asubuhi badala ya alasiri.

Baba mmoja mwenye kofia ya kazini akasimama. Alisema hana ubaya na mtu, lakini haoni kwa nini shule nzima ibadilishe mambo kwa sababu ya mtoto mmoja mgonjwa. Madereva wa mabasi nao, akasema, watakaangika mle ndani bila kiyoyozi injini zikizimwa.

Kuhusu madereva alikuwa na haki, na nilisema hivyo. Walikubaliana baadaye kwamba mabasi yafike karibu na kengele, yasianze kupanga foleni mapema. Lakini lile la mtoto mmoja sikuliacha. Niliomba ruhusa ya kuuliza swali, nikasimama mbele kama ninavyosimama darasani.

"Mwenye mtoto anayetumia dawa ya kupuliza kifuani," nikasema, "naomba anyanyue mkono."

Nilinyanyua wangu. Kwa kitambo kidogo ulikuwa peke yake. Kisha mama mmoja wa Kimexico, aliyekuwa na mtoto usingizini begani, akanyanyua mkono usio na mtoto. Halafu mwingine nyuma yake. Halafu upande wa dirishani wakanyanyua watatu kwa pamoja, wakashangaana, maana walikuwa marafiki na kila mmoja alidhani lake ni la nyumbani kwake tu. Mikono ikaendelea kupanda. Nilimwona mwalimu mkuu akijaribu kuihesabu, kisha akaacha.

Yule baba mwenye kofia alikuwa bado amesimama. Aligeuka akautazama ukumbi. Mkewe, aliyekaa pembeni yake, alikuwa amenyanyua mkono.

"Wa kwetu anatumia?" alimuuliza, na ukumbi mzima ukasikia.

"Tangu mwaka jana," alisema mkewe. "Wewe huwa uko zamu."

Akakaa. Hakuna aliyecheka. Nilimhurumia, kwa sababu nilikuwa na mume wa namna hiyo nyumbani, mwanamume anayetoka na giza na kurudi na giza ili watu wake wale.

Shule ilibadilisha. Haikuwa siku moja. Kuna dereva aliyesahau, kuna mwalimu aliyenung'unika, na mimi nilikuwa napita kila nilipoweza, mtoto mgongoni, mpaka wakanizoea. Lakini binti yangu alianza kurudi alasiri akipumua vizuri, na wale akina mama watatu wa dirishani wakawa rafiki zangu. Mama mkwe aliporudi Unguja, mwalimu mkuu alikuja uwanja wa ndege kumuaga. Walikumbatiana kila mmoja akiongea lugha yake.

Sitaki mtu afikiri kwamba tuliishinda hewa ya Houston. Viwanda viko palepale, na jua la Agosti halina mwenye kulizima. Mwanangu amelazwa zaidi ya mara moja tangu hapo, na mara moja niliogopa kweli. Miaka ya elfu mbili ilipofika, mume wangu aliacha bandari, akaanza kuendesha magari ya kupeleka wagonjwa kliniki, nasi tukahamia Missouri City, mbali kidogo na yale mabomba. Hata huko hewa ina siku zake. Tofauti ni kwamba tulizijua, na mtoto naye akazijua. Akiwa na miaka minane alikuwa anawasha redio mwenyewe, anasikiliza, kisha anamwambia mwalimu wake wa michezo leo atakimbia kiasi gani.

Alipoingia sekondari alitwambia anataka kujiunga na bendi ya shule. Ukiijua Texas, unajua bendi si mchezo: wanafanya mazoezi kiangazi chote, na Ijumaa jioni wanapiga uwanjani kwenye mechi za mpira wao wa Kimarekani, umati umejaa. Nikamuuliza anataka ala gani. Akasema tarumbeta.

Baba yake alinitazama. Mimi nilimpigia simu daktari wetu yuleyule, nikitegemea atamkataza. Daktari akacheka, akasema kama dawa anaitumia sawasawa, mwache apulize, mapafu hayo ni yake.

Mechi ya kwanza tulikaa juu, mimi, baba yake na mdogo wake. Bendi ikaingia uwanjani. Tulimtambua kwa mwendo, maana kofia zao zote ni sawa. Tarumbeta zikalia, kisha zikanyamaza, zikabaki ngoma peke yake, na mume wangu akainuka nusu kwenye kiti.

"Mbona kaacha? Kabanwa?"

"Hajabanwa. Zamu yao haijafika. Kaa."

Akakaa kwenye ncha ya kiti. Tarumbeta zikaanza tena, naye akapumua. Ziliponyamaza mara ya pili akainuka tena, na mdogo wetu akamvuta shati, akamwambia kwa Kiingereza akae, anawaziba watu wa nyuma.